Kabati Bado Linanuka

Kabati la baba lilirudi nyumbani likinuka dagaa. Nasema dagaa kwa heshima tu, maana ndani yake mlikuwa na dagaa, na mkojo wa panya, na ukungu, na kitu kingine ambacho mpaka leo sikijui. Kaka yangu Kristofa na wapakiaji walilishusha kutoka kwenye lori la pamba, wakaliweka uani kwetu Bariadi, Kristofa akajifuta jasho na kusema, "Haya, hilo hapo." Nikafungua mlango mmoja, nikaufunga upesi. Kuku wakaja mbio wakidhani wameletewa chakula.

"Kristofa," nikamwambia, "umemletea mayu kabati au umemletea choo cha soko?"

"Lukresia, usianze."

Nikaanza. Ndivyo nilivyo, na wanaonijua wanajua. Nilimwambia kwamba mgonjwa yuko ndani, hali vizuri, halali vizuri, halafu yeye anatuletea mzoga wa mbao. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akaniambia kitu kimoja tu, kwamba aliyeliomba ni mayu, mama yetu, si yeye. Hilo lilikuwa kweli.

Niwaeleze kwanza habari ya kabati lenyewe, msije mkadhani sisi ni watu wa kugombea vyombo.

Baba yetu, Anatoli, alikuwa fundi seremala. Alitengeneza madawati ya shule, milango ya kanisa, vitanda vya maharusi, na majeneza ya watu wengi waliokufa Bariadi siku zake. Kabati hili alilitengeneza kwa ajili ya chama cha msingi, kile kilichokuwa kinanunua pamba yetu, wakati chama kikiwa bado chama. Lilikuwa la mninga, lenye milango miwili mirefu na droo mbili chini. Alilifanyia kazi hapo hapo uani, na mayu, ambaye jina lake ni Kwandu, akimletea uji alikuwa anasimama kulitazama mpaka uji unapoa. Yeye mwenyewe hakuwa na kabati. Mke wa fundi, jamani! Vikombe vyake vya udongo vyenye maua ya bluu, alivyopewa na mama yake alipoolewa, vilikaa kwenye boksi la sabuni chini ya kitanda. Kila alipomkumbusha baba, jibu lilikuwa lile lile: "Nikipata mbao za ziada, Kwandu." Mbao za ziada hazikupatikana, maana kila ubao uliofika uani ulikuwa na mwenyewe.

Baba alikufa wakati chama nacho kinakufa. Soko huria lilikuwa limeingia, wanunuzi binafsi wanapita vijijini na mizani yao na malori yao, na ofisi ya chama imepigwa kufuli, nyuki wamejenga dirishani. Nyumbani kwa fundi hapakuwa na ubao hata mmoja. Mbao za mwisho alikuwa amemzikia mtu mwingine. Tukamzika baba kwa blanketi na mkeka. Mtu aliyewasitiri wenzake wote wale, yeye akaenda kwa mkeka! Mayu siku ile hakulia. Alisimama kando ya kaburi akasema kwa sauti, kila mtu akasikia, "Mimi mtanizika kwa mbao za lile kabati la Anatoli." Watu wakashtuka. Kwetu mtu hajitajii jeneza lake, ni uchuro. Katekista akajifanya anakohoa.

Miaka ikapita, vyombo vya chama vikapigwa mnada, na kabati likaenda nalo. Ukaja ule mwaka wa mvua za El Niño, mayu akaanza kuvimba tumbo. Mimi nilikuwa nimesharudi nyumbani siku nyingi, ndoa imevunjika na ng'ombe wa watu wamerudishwa, kwa hiyo nilikuwa naye. Tulimpeleka hospitali kubwa Mwanza. Wakampima, wakatazamana, wakatuambia tumrudishe nyumbani tukampe anachopenda. Maneno hayo kila mtu anajua maana yake. Tulipofika nikamuuliza anapenda nini, nikitegemea atasema nyama au maziwa mgando. Akasema, "Kabati la Anatoli."

Kristofa alikuwa anafanya kazi Malampaka kwa mnunuzi mmoja wa pamba, akaulizia huku na huku, akalikuta jirani na stesheni. Lilikuwa kwa mfanyabiashara wa dagaa. Dagaa wakitoka Mwanza kwa treni, yule bwana anawahifadhi ndani ya kabati la baba yetu, na paa lake linavuja. Namna Kristofa alivyolipata ni habari yake, na nampongeza, ingawa siku ile sikumpongeza.

Basi. Tukamtoa mayu nje tumemshika mikono. Akaliendea kabati taratibu, akapitisha kiganja kwenye mlango kuanzia juu hadi alipoweza kuinama. "Ni lenyewe," akasema. Alifurahi, nilimwona. Halafu akanigeukia, mimi niliyekuwa nimeziba pua kwa pembe ya khanga, akanitazama kidogo.

"Lakini wanangu, humo siwezi kulala," akasema. "Linanuka."

Tukamwita Ngeleja. Ngeleja alijifunza useremala kwa baba, sasa mwenyewe kichwa kimejaa mvi. Alizunguka kabati, akaligonga, akanusa, akatema mate pembeni. Akasema mbao ni nzima na zinatosha kwa ile kazi. Jeneza halikutajwa na mtu yeyote, tulikuwa tunasema "ile kazi". Lakini akasema zimekunywa maji. Ukichana ubao wenye maji unapinda, ukipigilia msumari unapasuka. Na harufu lazima itoke kabati likiwa bado kabati, maana kabati unaweza kulifungua, kulianika na kulifukiza. Ile kazi ikishakamilika, hutaanza kuisugua.

"Na ukisema uanze leo, inakuchukua muda gani?" Kristofa akamuuliza.

"Si kazi ya asubuhi moja. Kutengua, kuchana, kuunga. Na mvua hii?" Ngeleja akatazama mawingu. "Mkiniita siku yenyewe imeshafika, mmechelewa."

Hilo neno lilituingia wote wawili. Tulikuwa tumeshamzika mtu kwa mkeka, hatukutaka kumzika wa pili. Kristofa akaniambia, "Haya, wewe mwenye pua, litoe hiyo harufu. Likikauka tu Ngeleja anaanza." Akapanda lori akarudi Malampaka.

Nikakunja gauni. Kwanza nilitoa droo zote mbili nikazipindua, na chini ya ile ya kulia nikakuta kiota cha panya kilichosukwa kwa pamba, safi kabisa, daraja la kwanza, hata mkulima hana pamba kama ile. Nikakitupa. Nikakwangua ukungu kwa brashi kavu, maana Ngeleja alinionya ukianza na maji unaupeleka ukungu ndani ya mbao. Kisha nikafuta kwa kitambaa kilichokamuliwa kwenye maji ya moto yenye magadi, nikasubiri likauke, nikapiga tena kwa maji ya limau. Jua likitoka nalikokota nje, mvua ikinyesha nalirudisha ndani, jua, mvua, jua, mvua, mpaka majirani wakawa wananihurumia. Nyanjige, jirani yetu wa upande wa kisima, alikuwa anapita na ndoo yake ananichokoza: "Lukresia, umeolewa tena? Naona bwana mwenyewe mzito!" Nilimjibu maneno ambayo hapa siyaandiki.

Ukuta wa nyuma ndio uliokuwa mbaya zaidi. Baba aliuweka wa mbao laini, na mbao laini zinakunywa kila kitu. Ngeleja akaung'oa, tukautumia kuchemshia maharage, na maharage yale hakuna aliyeyamaliza. Nikaweka makopo ya mkaa kwenye kila rafu. Nikamwaga majivu ndani ya droo, nikayaacha, nikayakung'uta. Mwisho nikaziba nyuma kwa gunia, nikalifukiza kwa moshi wa kuni kama tunavyofukiza vibuyu vya maziwa, milango imefungwa, moshi unapenya kwenye nyufa. Ngeleja akaja na msasa, akapiga ndani kote, akapaka nta ya nyuki. Siku ile kwa mara ya kwanza nikasikia harufu ya mninga. Nikakumbuka mikono ya baba, nikakaa chini nikalia kidogo, kisha nikainuka kupika ugali.

Mayu wakati wote huo alikuwa anaangalia kutoka kwenye mkeka wake. Nikamwambia, "Mayu, njoo unuse, limeisha."

"Pua inazoea," akasema. "Wewe umeshinda nalo, huwezi kusikia tena. Harufu inapimwa kwa kikombe. Weka kikombe ndani, funga, asubuhi kinywee chai. Chai haidanganyi."

Nikaona ana hoja. Nikamletea kikombe cha bati.

"Si hicho. Bati halishiki harufu. Leta vile vya udongo."

Nikaingia chini ya kitanda nikavuta boksi la sabuni. Vikombe vilikuwa vimefungwa kwenye magazeti ya zamani, yamekuwa ya njano. Nikaviosha, nikampa, akavipanga mwenyewe kwenye rafu ya katikati, akafunga mlango. Asubuhi nikachemsha chai. Akanywa funda moja, akalishikilia mdomoni, macho juu, nami nimesimama pale nasubiri hukumu.

"Bado," akasema. "Kwa mbali, lakini bado."

Nikanywa na mimi. Nilisikia chai tu, na labda nta. Lakini nikasema mimi pua yangu imezoea. Nikarudia majivu, nikarudia moshi. Asubuhi iliyofuata: bado. Na iliyofuata: bado. Nikamwita Nyanjige, mwenye pua inayosikia mboga za watu mtaa mzima. Akaingiza kichwa chote ndani ya kabati, akatoka, akaapa kwa Mungu hasikii chochote. Ngeleja naye akasema limekauka na halinuki, yeye yuko tayari. Mayu akanywa chai yake taratibu, akatikisa kichwa. Bado.

Nilianza kupandwa na hasira, sitaficha. Kucha zimeisha, mikono imebabuka kwa magadi, halafu mtu amekaa anakunywa chai na kusema bado! Tena Kristofa alikuwa anatuma watu kuuliza, na mimi nilikuwa namwona mayu anavyopungua mikono na uso huku tumbo linakua. Kila "bado" niliyoisikia nilikuwa namwona baba kwenye mkeka wake.

Siku moja nilibandika maziwa jikoni, pale pale karibu na alipokuwa amekaa, nikatoka kufukuza mbuzi wa Nyanjige kwenye mtama wetu. Yule mbuzi alinizungusha. Niliporudi, kabla sijafika mlangoni nikasikia maziwa yanaungua. Nyumba nzima imejaa harufu, sufuria imekuwa nyeusi. Nikaingia nikipiga kelele, "Mayu! Husikii maziwa yanaungua?"

Alikuwa amekaa mbele ya kabati, ameyapa maziwa mgongo. Akageuka. "Maziwa gani?" akauliza.

Nilisimama na ile sufuria mkononi. Moshi ulikuwa unamzunguka usoni na hata pua haikucheza. Nikajua kwamba mayu hasikii harufu. Labda ugonjwa, labda zile dawa za Mwanza, sijui. Inawezekana hata siku kabati lilipofika hakusikia kitu, aliniona tu mimi nimeziba pua.

Damu ilinipanda. Nilikuwa nafungua mdomo kumwambia, mayu, umenisugulisha bure! Lakini nilikuwa nimeshaona alichokuwa anafanya. Milango ilikuwa wazi. Alikuwa ameviweka vikombe kwenye mstari, mikono yote ya vikombe imeelekea upande mmoja, na kimoja kilichokuwa kimekaa upande kidogo alikuwa anakinyoosha kwa kidole. Akafunga mlango. Akakaa. Akaufungua tena, polepole, akatazama ndani. Alikuwa na kabati.

Yule mama aliishi na fundi maisha yake yote, vikombe viko chini ya kitanda. Sasa ana kabati la mninga lenye rafu na vikombe ndani, na watoto wake wanasubiri likauke wamchanie. Nani angesema halinuki?

"Maziwa yameungua kidogo tu, mayu," nikasema, nikatoka nje kusugua sufuria, machozi yanaanguka humo humo.

Kuanzia hapo sikusugua tena kabati. Asubuhi nilikuwa naamka, namsalimia, "Mwangaluka, mayu," nafungua kabati, natoa kikombe, nammiminia chai. Anakunywa. Namuuliza, "Vipi leo?" Anasema, "Bado, ng'wanawane," yaani mwanangu, "kwa mbali." Nasema, "Basi tutaangalia kesho." Yeye anasema, "Kesho." Halafu tunazungumza. Sijawahi kuzungumza na mama yangu kama siku zile. Zamani ilikuwa palizi, kuvuna, kuchambua pamba, yeye mbele mimi nyuma, mgongo unauma, nani ana muda? Sasa alinisimulia baba alivyomposa, na jinsi babu alivyowakataa ng'ombe wawili kwa kuwa wamekonda. Akaniuliza habari ya ndoa yangu, jambo ambalo hakuwahi kuniuliza, nami nikamwambia yote. Alisikiliza. Akasema, "Ungerudi mapema." Nililihitaji neno hilo kwa muda mrefu sana.

Lakini alikuwa anakwisha. Na Kristofa si mjinga.

Alikuja siku moja mvua ilipopumzika, amefuatana na Ngeleja, Ngeleja na msumeno umefungwa kwenye baiskeli. Niliwaona wakiwa bado kule barabarani. Mayu alikuwa amesinzia. Sikufikiri, nawaambia ukweli. Nilikimbilia jikoni, nikachota dagaa kwenye kopo, wale wabaya wa mwisho ambao nilikuwa nawawekea kuku, nikavuta droo ya kulia, nikawasukuma nyuma kabisa, nikarudisha droo. Mimi! Mimi niliyekwangua, nikafukiza, nikababuka mikono, leo naweka dagaa kabatini kwa mkono wangu mwenyewe.

Kristofa akaingia, akamtazama mayu usingizini, akakaza uso kama wanaume wanavyofanya. Kisha akaniita pembeni. "Nimeambiwa halinuki. Nyanjige mwenyewe ameniambia. Unasubiri nini?"

"Njoo unuse," nikasema.

Akafungua mlango, akanusa. Akainama chini, akavuta droo kidogo. Akarudi nyuma. "Mh! Kweli bado."

Ngeleja naye akainama. Alikaa pale muda. Fundi anajua tofauti ya harufu iliyo ndani ya ubao na harufu iliyo juu ya ubao, na aliponyanyuka alinitazama usoni moja kwa moja. Nikamtazama. Nilimwomba kwa macho, sijui kama kuna namna ya kueleza. Akapangusa mikono.

"Bado halijawa tayari," akamwambia Kristofa.

Kristofa hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinishika bega, akasema, "Dada, kumbuka baba. Akiondoka kesho tukamfunga kwenye mkeka, mimi sitakusamehe, na wewe hutajisamehe." Wakaondoka, na msumeno wao.

Alikuwa sahihi, na hicho ndicho kilichoniuma. Mayu mwenyewe ndiye aliyesema pale kaburini, tena mbele ya watu, anataka mbao za Anatoli. Nikimwacha na kabati lake, nitamnyima jeneza lake. Nikimpa jeneza, nimemnyang'anya kabati. Na siku hazikuwa zangu kuzigawa. Kila nilipommiminia chai nilitaka kumwambia, mayu, niambie mwenyewe, nifanye nini? Nikashindwa. Utamwambiaje mzazi wako neno hilo? Nilimwuliza tu, "Vipi leo?" Naye akajibu, "Bado." Nami nikashukuru na kuogopa kwa wakati mmoja.

Halafu ikaja asubuhi moja, anga imeoshwa, jua kali, matope ya uani yanaanza kupasuka. Usiku ule alikuwa amelala vibaya. Nilimwinua nikamwegemeza ukutani, nikafungua kabati, nikatoa kikombe. Alikishika kwa mikono miwili, mimi nimekishikilia kwa chini. Akanywa funda moja dogo.

"Lukresia."

"Naam, mayu."

"Leo chai haina harufu."

Nilijifanya sikusikia. "Kunywa tena kidogo."

"Nimekunywa. Halinuki tena. Toa vikombe, ng'wanawane, mwite Ngeleja."

Mimi, ambaye wiki chache nyuma ningepiga vigelegele, nilipiga magoti kwenye mkeka wake nikamshika miguu. "Linanuka, mayu! Mimi nasikia. Bado linanuka, nakuapia, kwa mbali lakini bado. Tuangalie kesho." Nilikuwa nalia hovyo kama mtoto aliyechapwa. "Tuangalie kesho, mayu."

Akaniwekea mkono kichwani. Mkono ulikuwa mwepesi, hauna uzito wowote.

"Linanuka kwa sababu ya wale dagaa uliowaficha nyuma ya droo," akasema. "Nilikuwa macho. Nenda kawatoe. Sitaki kumfikia baba yako nanuka dagaa, atanicheka."

Akatabasamu. Na mimi, katikati ya kile kilio, nikacheka, kisha kicheko kikageuka tena. Tukakaa hivyo. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Wabeja, ng'wanawane." Asante. Hakusema asante ya nini, na sikumuuliza.

Nikawatoa dagaa, nikawapa kuku. Nikatoa vikombe kimoja kimoja, naye anavihesabu kwa macho. Nikafuta rafu kwa kitambaa kikavu, nikafunga milango, na nikaenda mwenyewe kwa Ngeleja.

Alifanya kazi pale pale uani alipokuwa anafanyia baba. Mayu aliomba tumwachie mlango wazi asikie randa. Mchana nikamwona anageuza kichwa kufuata ile sauti, inavyokwenda na kurudi, na akasema kwa sauti ndogo, "Mtu ampelekee uji." Nikampelekea Ngeleja uji. Alipomaliza kupigilia ubao wa mwisho, Kristofa alikuwa ameshafika kutoka Malampaka, na mayu alituona sote wawili tumekaa karibu naye. Alituacha kesho yake asubuhi, jua likiwa limetoka. Tulimzika kwa mninga wa Anatoli, kando yake. Nyanjige, aliyekuwa amesimama karibu na jeneza, alininong'oneza kwamba linanukia vizuri.

Zile droo Ngeleja hakuzihitaji. Moja alichukua Kristofa. Mimi nilichukua ile ya kulia, nikaiweka juu ya meza na kupanga vikombe ndani yake, mikono yote imeelekea upande mmoja. Nyanjige akiingia kwangu siku za mvua anakunja pua, ananiambia ile droo inanuka dagaa, kwa nini nisipige magadi kidogo na kuifukiza, kazi ninaijua. Kweli inanuka. Sijaisugua.